Mpunga Uliokataa Kuota

Falone Onema alimruhusu mdogo wake achore yale yaliyompata wakati wa vita, lakini kwa sharti moja: ndani ya picha asiwemo mtu.

"Usiweke sura yangu," alisema. "Usiweke mwanamke amekaa chini analia. Usiweke askari pia. Watu wakiona mwanamke kwenye picha wanaanza kumuhurumia, halafu wanaanza kumuangalia mwili."

Mdogo wake, Béatrice, alikuwa amesomea uchoraji Kinshasa na sasa anafundisha vijana hapa Kindu. Alimwuliza dada yake mkubwa, "Sasa nichore nini, yaya?"

"Wewe njo fundi. Chora shamba. Chora hasira ya mama. Mimi sijui hasira iko na rangi gani. Tafuta."

Béatrice alianza kuitafuta hasira hiyo, na ilimchukua miezi mingi. Hasira yenyewe ilikuwa ya zamani.

Baba yao, Onema, alikuwa mtu wa Tunda aliyefanya kazi kwenye reli, na alifariki kabla ya vita. Mama yao, Halima, alikuwa Mwislamu wa Kasuku, mtaa mmoja wa Kindu, na kwa mpunga wake aliwalisha na kuwasomesha. Waasi walipouteka mji, wapiganaji wengine wakakaa msituni kuuzunguka, na raia wakabaki katikati. Treni ilisimama. Chumvi na sabuni vilikuja kwa ndege, na siku ndege isipokuja watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Aliyetaka kwenda shambani alipita kwenye kizuizi cha askari, na mkubwa wa kizuizi hicho na wa kambi yote ya upande ule alikuwa mtu anayeitwa Komanda Mardochée.

Mardochée aliwaita wanawake wa mpunga akawaambia watapita bila kusumbuliwa, mradi nusu ya mavuno iingie kambini. Walikubali, maana nusu ilikuwa bora kuliko njaa. Kwa misimu kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Wanawake walipanda, wakafukuza ndege, wakavuna, wakapima, na askari wakala.

Halafu, kiangazi kimoja, wakati wa kurudi na mavuno, askari walimtoa Falone kwenye mstari pale kizuizini. Alikuwa msichana mkubwa, amemaliza shule mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa mbele na furushi kichwani. Aligeuka aliposikia akiitwa, akaona binti anapandishwa lori. Alitupa mpunga chini akakimbia. Askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki begani, na lori likaondoka.

Baadaye mchimbaji mmoja aliyetoroka kutoka machimbo ya Kama alileta habari. Huko Kama Mardochée alikuwa na mashimo ya dhahabu na watu wa kuyachimba kwa nguvu, na pembeni ya mashimo alikuwa na nyumba. Falone alikuwa ndani ya nyumba hiyo, pamoja na wasichana wengine waliochukuliwa kizuizini. Alipika na kufua, na usiku komanda alimfanya mke bila kumwuliza.

Mama Halima alivaa kitambaa chake kizuri akaenda kambini. Alimkuta Mardochée amekaa kivulini anakunywa chai.

"Naomba mutoto wangu," alisema.

"Mutoto wako yuko muzuri," Mardochée alimjibu. "Anakula kila siku. Iko kazi anafanya. Ungefurahi, mama."

"Nani alikuambia mimi nimetafuta kazi kwa mutoto wangu?"

"Rudi nyumbani. Mvua inakaribia. Nenda utayarishe shamba."

Mama Halima alimtazama, na kama alivyowasimulia binti zake baadaye, hapo hapo ndipo wazo lilipomjia. Yule mtu mwenyewe alikuwa amemkumbusha shamba.

Alirudi Kasuku, akashusha gunia la mbegu alilolitundika juu ya meko, akawasha moto, akaichemsha mbegu yote. Béatrice, aliyekuwa bado mtoto wa shule ya msingi, alilia akimwona anafanya hivyo, maana hata mtoto wa Kindu anajua kwamba mbegu haiguswi. Mama aliianika ikakauka, akatwanga sehemu yake, akapika wali, akawaita majirani.

"Kuleni," aliwaambia. "Mimi silimi tena mpaka Falone arudi. Anayetaka kulima alime. Lakini mujue munamulimia nani."

Jirani yake, Françoise, ambaye wote walimwita Mama Djo kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, aliuliza, "Na sisi tutakula nini?"

"Muhogo ule wa nyuma ya nyumba. Majani. Tutakula vibaya."

Siku ile Mama Djo alimaliza wali wake akarudi kwake. Asubuhi yake alikuja na mbegu yake ndani ya beseni akasema, "Weka maji kwa moto." Wengine wakafuata.

Mvua zilipoanza kunyesha na mashamba yakabaki matupu, Mardochée alituma askari. Waliwakusanya wanawake, wakawachapa, wakawapeleka shambani kwa mtutu wa bunduki. Wanawake hawakubisha. Waliomba tu waende nyumbani wachukue mbegu, kwa kuwa kila mama anaijua yake. Mbegu waliyoileta, ile iliyobaki, ilikuwa imechemshwa kidogo na kukaushwa ndani ya maganda yake, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile nzima. Waliipanda yote, mistari imenyooka, askari wakiwasimamia na kuwapongeza.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, lakini hakikuota kitu.

Njaa iliingia kambini, lakini iliingia Kasuku kwanza. Hili Mama Halima hakulificha kamwe. Djo, yule mtoto wa Françoise, alikuwa na homa, na mwili wake haukuwa na kitu cha kupigania. Alikufa. Kwenye matanga Mama Halima alishindwa kuinua uso. Ni Françoise mwenyewe aliyemfuata, akamkalisha kwenye mkeka wake.

"Usiniombe musamaha," alimwambia. "Si wewe uliyemnyima. Na usianze kulima leo, maana hapo utakuwa umemuua bure."

Hawakulima. Askari walianza kutoroka kambini mmoja mmoja, na wengine waliuza risasi zao kwa watu wa msituni ili wapate muhogo. Mwishowe Mardochée alikuja mwenyewe mpaka uani kwa Mama Halima, bila chai na bila kicheko, akauliza anataka nini. Mama alijibu kwamba anataka wasichana wote waliochukuliwa kizuizini. Walibishana asubuhi nzima. Alimpata Falone peke yake. Wasichana wengine walibaki Kama, na kwa miaka mingi neno hilo lilimkosesha raha Mama Halima, hata alipopongezwa.

Falone alirudi akiwa amebebwa nyuma ya baiskeli, amefunikwa kitambaa mpaka machoni. Mama alilima msimu uliofuata, kama alivyoahidi. Vita viliisha, waasi na serikali wakatiliana saini, na Mardochée akavua magwanda akavaa suti. Watu walianza kumwita Mheshimiwa.

Falone alifungua meza sokoni, akauza mchele, akacheka na wateja. Lakini kila kiangazi kilipofika aliacha kusema. Aliamka, akaoga, akakaa chumbani, na meza yake sokoni ikabaki tupu mpaka mvua za kwanza. Nyumbani walizoea. Hakuna aliyemlazimisha.

Béatrice alipofika sekondari alikuwa na mwalimu wa Kilatini, mzee Godefroid, ambaye akichoka na sarufi huwasimulia wanafunzi hadithi za Waroma na Wagiriki. Siku moja aliwasimulia habari za Demeter, mungu mke wa nafaka, na binti yake Persefone. Binti alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa kuzimu akamchukua kwa gari lake. Mama alipoambiwa kwamba wakubwa wa mbinguni wenyewe walikuwa wamekubaliana juu ya jambo hilo bila kumwuliza, aliificha mbegu ndani ya ardhi, na dunia nzima ikakaa bila chakula mpaka wakubwa wakapiga magoti. Binti alirudi, lakini si kwa mwaka mzima. Kila mwaka kulikuwa na miezi ambayo kuzimu kulimwita tena.

Béatrice alisimama katikati ya darasa. "Mwalimu," alisema, "nani alikuambia habari za mama yangu?"

Darasa lilicheka. Mzee Godefroid hakucheka. Alikuwa mtu wa Kasuku naye, na alikumbuka mwaka ule wa mpunga.

Kwa hiyo alipoombwa na dada yake asichore mtu, Béatrice alijua pa kushika. Alichukua turubai kubwa kuliko zote alizowahi kuzitandaza, ikaegemea ukuta mzima wa sebule. Rangi za mafuta alizokuwa nazo zilikuwa za mirija aliyotoka nayo Kinshasa. Alipojaribu kuzirefusha kwa mawese ili zisiishe haraka, zikakataa kukauka, wiki nzima inzi wanazikanyaga. Alikwangua akaanza upya. Juu aliweka manjano iliyokufa, rangi ya shamba lililokauka, akaichana kwa kitana mpaka ikawa mistari iliyonyooka kama ya kupandia. Chini aliweka weusi, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya weusi wekundu wa udongo wa mashimo, na uzi mwembamba wa dhahabu unaozunguka bila kutoka. Ndani ya rangi alichanganya makapi ya mpunga, hivyo picha ilikuwa na ngozi ya kukwaruza. Hakuweka kijani popote.

Mama Halima, macho yake sasa yameanza kufifia, aliipapasa kwa kiganja.

"Huyo mama wa Wagiriki alilima nini?"

"Ngano, mama."

"Ngano sijui. Na wakubwa wake walipomwambia anyamaze, alinyamaza?"

"Hakunyamaza."

"Basi tunajuana," alisema mama, akaenda kuswali.

Béatrice aliiita picha ile *Demeter Anakataa*. Ephraïm, aliyekuwa anasimamia ukumbi mmoja wa utamaduni pale Kasuku, aliikubali kwenye maonyesho ya wachoraji wa jimbo la Maniema. Alikuwa mtu mwema na mwoga. Alizunguka mbele ya picha akauliza upande wa juu ni upi, akauliza kama haiwezekani kuongeza mto au kiboko kidogo watu wapate kitu cha kushika. Béatrice alimwambia haiwezekani, akaining'iniza.

Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni rasmi wa ufunguzi angekuwa Mheshimiwa Mardochée.

Aliingia na watu wake, amenenepa, miwani ya dhahabu usoni. Alipita mbele ya mitumbwi ya pirogi na masoko na nyani waliochorwa na wengine, akitikisa kichwa kwa adabu. Alipofika kwenye picha ya Béatrice alisimama, na hakuondoka.

"Hii," alisema. "Hii njo kazi. Inaniingia hapa." Aligusa kifua. "Naona dhahabu, naona udongo. Ni nini?"

Ephraïm aliwahi kujibu, "Hadithi ya Wagiriki wa kale, Mheshimiwa."

"Wagiriki. Vizuri. Nitaiweka kwenye nyumba yangu, kwenye sebule kubwa. Mwenye kuchora iko wapi?"

Béatrice alijitokeza. "Haiuzwi, Mheshimiwa."

"Taja bei, binti yangu. Usiogope."

"Siogopi. Haiuzwi kwako."

Watu walianza kugeuka. Ephraïm alimshika Béatrice kiwiko, akamnong'oneza afikirie ukumbi, afikirie wachoraji wenzake. Mardochée aliinua mkono kumnyamazisha. Alitabasamu bado. "Muache. Wachoraji wako hivyo. Basi nieleze tu. Mimi nimeshindwa kununua, hata kuelezwa pia nishindwe?"

Maelezo hayo hayakuwa ya Béatrice kuyatoa. Falone alikuwa amesimama karibu na mlango pamoja na mama yao na Françoise, walikuwa ndiyo kwanza wamefika. Béatrice alimtazama. Ilikuwa kiangazi. Falone hakuwa amesema neno nje ya nyumba kwa majuma, na kuja kwenyewe alikuja kwa sababu mama alihitaji mtu wa kumshika mkono.

Falone aliuachia mkono wa mama yake akapita katikati ya watu. Mheshimiwa alimpisha kwa heshima. Hakumjua.

"Nitakueleza mimi," alisema Falone. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika, akakohoa kidogo. "Kulikuwa mama mumoja, mulimaji. Alikuwa anawalisha wote, wazuri na wabaya. Siku moja mufalme wa kuzimu alichukua binti yake njiani, akamupeleka kwenye mashimo. Hii nyeusi njo mashimo."

"Sawa," alisema Mheshimiwa.

"Mama alienda kumuomba. Mufalme akamujibu kwamba mutoto anakula vizuri. Alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai."

Nyuma ya ukumbi mzee mmoja alivua kofia. Falone aliendelea, hakuharakisha. "Mama akachemsha mbegu. Na wenzake wakachemsha zao. Walipolazimishwa kupanda wakapanda mbegu iliyokufa, mistari imenyooka vile unaiona hapa juu. Haikuota. Hapa hakuna kijani, hata ukitafuta mupaka kesho."

Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki mahali pake, lakini macho nyuma ya miwani yalianza kumchunguza yule mwanamke.

"Kwenye hadithi ya Wagiriki," Falone alisema, "mufalme wa kuzimu anaitwa Hades. Hapa Kindu anaitwa Mardochée. Na mimi ni yule binti. Naitwa Falone Onema, kama ulisahau. Mama yangu ni yule pale."

Mheshimiwa alisema taratibu kwamba vita vilikuwa na mambo mengi, kwamba watu wengi walitumia jina lake vibaya, kwamba huyu mama amechanganyikiwa na anastahili kusaidiwa.

Françoise alijibu kutoka mlangoni. "Mimi sikuchanganyikiwa. Mutoto wangu aliitwa Djo. Nilimuzika mwaka ule wa mpunga wako."

Mheshimiwa alitoka bila kukata utepe. Watu wake walibaki nyuma kidogo, wakimnyooshea Ephraïm vidole. Baada ya saa moja Ephraïm alimjia Béatrice, jasho linamtoka, akamwomba aiondoe picha, akamwomba radhi, akasema ana watoto.

"Naelewa," alisema Béatrice. "Nisaidie kuishusha."

Ilikuwa kubwa mno kwa pikipiki. Wanawake waliibeba vichwani ikiwa imelala, uso juu, Falone mbele, wakapita nayo katikati ya Kasuku mchana, wenye pikipiki wakisimama kuwapisha. Waliouliza ni nini, Falone aliwajibu. Aliwajibu wote, tena na tena, mpaka wakafika nyumbani. Waliiegemeza kwenye ukuta wa mbele, chini ya bati, ikitazama barabara.

Siku iliyofuata vijana wawili waliovaa vizuri walikuja na pikipiki. Walisema picha ile inamchafulia mtu jina na wametumwa kuichukua. Mama Halima alikuwa amekaa mbele ya picha anachambua mchele. Hakusimama.

"Mwambieni aje yeye," alisema. "Njia anaijua. Alishakuja hapa hapa uani kuniomba nilime."

Vijana waliangalia huku na huku. Majirani walikuwa wametoka milangoni, wengi wao wanawake wenye umri. Mmoja alikuwa na mchi wa kutwangia mkononi, labda kwa sababu alikuwa anatwanga. Vijana waliondoka. Jioni jiwe lilirushwa kutoka barabarani likatoboa turubai, upande wa chini, kwenye weusi. Béatrice alitaka kulishona tundu. Falone alimwambia aliache.

Na watu walikuja. Wengine walikuja kucheka, wakasema hata mtoto anaweza kupaka hivyo, wakaondoka. Kisha alikuja mwanamke mmoja kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, aliyekuwa amevuka kwa pirogi asubuhi. Alisimama mbele ya picha muda mrefu bila kuuliza upande wa juu ni upi. Alipogeuka Falone alimtambua. Aliitwa Anne, na alikuwa mmoja wa wasichana waliobaki Kama. Mama Halima alipoambiwa ni nani, aliweka chini ungo, akapapasa mpaka akaupata uso wake.

"Niliomba na wewe uachiwe," alimwambia. "Niliomba, wakanikatalia."

"Najua, mama," alisema Anne. "Tulisikia. Kule shimoni tulisikia kwamba iko mama mumoja Kindu amekataa kulima. Wengine tulikaa hai kwa habari hiyo."

Mama Halima alilia, jambo ambalo binti zake hawakuwa wameliona tangu baba yao azikwe.

Anne alijua walipo wengine. Waliitwa, wakaja, mmoja kutoka Pangi, mwingine kutoka Kibombo, na wengine walikataa na hakuna aliyewalaumu. Walikutana uani kwa Mama Halima wakazungumza siku nyingi, wakati mwingine kwa hasira, kwa kuwa si wote walitaka kitu kimoja. Mmoja alitaka tu Mardochée awaombe radhi mbele ya watu. Mwingine alitaka afungwe. Anne alisema yeye anataka habari yao iandikwe, basi. Mwanasheria mmoja, mwanafunzi wa zamani wa mzee Godefroid, aliwaambia ukweli: mtu yule ana marafiki, kesi inaweza kulala miaka, na huenda wakachekwa.

"Kuchekwa tumezoea," alisema Falone.

Walikwenda kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka asubuhi ya Jumatatu, wamevaa vitambaa vya namna moja walivyonunua sokoni. Karani aliwaambia waingie mmoja mmoja. Walisema wataingia wote. Alisema viti havitoshi, wakasema watasimama. Basi akachukua kalamu, akauliza nani anaanza.

Falone alisogea mbele. Alitaja jina lake, la baba yake na la mama yake, na mahali alipozaliwa. Karani alipouliza anamshitaki nani, alilitaja jina la Mardochée polepole, herufi kwa herufi, na akainama juu ya meza kuhakikisha limeandikwa sawasawa.